Injini ya Shangazi

Gari lenyewe walilipa jina la Shangazi, na halikuwa jina la kulisifia. Lilikuwa gari dogo la milango minne, jeupe zamani, sasa rangi yake imefanana na meno ya mvuta sigara. Kila asubuhi kabla ya kuwaka lilikohoa, likanung'unika, likatikisa mabega, kama shangazi aliyekuja kukaa siku mbili na sasa yuko mwezi wa tatu. Lakini liliwaka. Liliwapeleka mapacha shule, likamfikisha mama yao kwenye chumba chake cha cherehani, na likamshusha baba yao gereji, siku sita za juma, mwaka nenda mwaka rudi.

Baba yao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa ameoa binti wa mwenye gereji, na tangu siku ya kwanza alipoingia pale na ovaroli mpya, mafundi walimwita Mkwe. Wateja wakalidaka. Mwishowe mke wake mwenyewe, kwa utani, akaitarizi ovaroli ile kifuani kwa uzi mwekundu: MKWE. Naye akaivaa. Angefanyaje? Nyumbani alikuwa Baba Pacha, na gereji alikuwa Mkwe, na katikati ya majina hayo mawili aliishi salama miaka kumi na moja.

Mwenye gereji naye alikuwa na jina lake la kupewa: Mzee Sikio. Hilo lilikuwa jina la sifa tupu. Katika ujana wake aliweza kusimama barabarani, gari likapita, akasema vali ya tatu imelegea, na ukifungua unaikuta imelegea. Alikuwa na fimbo ya chuma yenye kifundo cha mti. Ncha moja aliigusisha kwenye injini, kifundo akakitia sikioni, akafumba macho kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani. Akifumbua macho, ugonjwa umeshajulikana. Watu walitoka mbali, wakipita gereji sita zenye mashine za kisasa, ili Mzee Sikio awawekee fimbo.

Jambo ambalo watu hao hawakulijua, na Mkwe alilijua, ni kwamba Mzee Sikio alikuwa hasikii tena.

Ilianza kidogo kidogo, mwaka juzi. Mteja alisema, "Mzee, gari linavuta kushoto," naye akajibu, "Aa, sijambo, ni mafua tu." Watu wakacheka, wakadhani ni utani. Redio ya ofisini ikapanda sauti mpaka fundi wa rangi akaomba ahamishwe upande wa pili wa uwanja. Mkwe alielewa upesi kuliko wote, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusimama karibu na mzee. Akajifunza kukaa mbele yake na kurudia maneno ya mteja, kinywa wazi, kama mtu mwenye tabia ya kurudia mambo: "Kwa hiyo linavuta kushoto? Linavuta kushoto, Baba." Mzee aliangalia midomo, akaitikia kwa kichwa, akashika fimbo yake. Baadaye Mkwe akawa anapita mapema kwenye gari la mteja, anasikiliza mwenyewe, kisha anaweka spana juu ya mahali penye tatizo kana kwamba ameisahau. Mzee akiiona spana, anajua pa kuweka fimbo.

Hawakuwahi kulizungumzia. Mkwe hamwambii baba wa mke wake kwamba amekuwa kiziwi, na baba wa mke hamshukuru mkwe kwa kumfichia uziwi wake. Waliishi hivyo, wakaizoea hali, na gereji ikaendelea kujaa.

Mwaka huu Shangazi akaanza kuvuta sigara. Moshi wa bluu ulitoka nyuma kwa wingi hata mapacha wakaona aibu, wakaomba washushwe kona moja kabla ya lango la shule. Gari lilikunywa oili kama mlevi. Mama Pacha akapeleka malalamiko moja kwa moja kwa baba yake, jioni moja gerejini, amesimama mbele yake mikono kiunoni.

"Baba, hili gari linanitia aibu. Jana nimesimama kwenye makutano, wa nyuma yangu akafunga vioo."

Mzee Sikio alicheka. Huyu alikuwa kitinda mimba wake, na gari lilikuwa lake yeye mzee kabla ya kumpa binti alipojifungua mapacha. "Nitaifungua injini yote," akasema. "Mpaka krenki. Na nitaifunga mwenyewe. Mkono wa mtu mwingine usiguse."

"Na Baba Pacha?"

"Atanisaidia kuosha," mzee akasema, na mafundi wakacheka. Mkwe naye akacheka.

Waliitoa injini kwa mnyororo siku ya Jumatatu, wakaiweka juu ya meza ya chuma. Ilikuwa imechoka kweli. Ndani ya silinda, kwa juu, ukipitisha ukucha unakwama kwenye ngazi, pale ringi za pistoni zilipokuwa zimekula ukuta kwa miaka ishirini na ushee. Beringi za krenki, vile vipande vyembamba vilivyopindwa kama nusu ya pete, zilikuwa zimechujuka hadi shaba inaonekana. Krenki yenyewe, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ilikuwa na mikwaruzo ya kukata kidole. Mkwe aliosha bloku kwa petroli, akapitisha waya katika kila tundu la oili, akasaga vali kwa mkono siku mbili nzima mpaka viganja vikatoka malengelenge. Aliifanya kazi hiyo kwa mapenzi. Gari lilikuwa la mke wake na la wanawe, na lilikuwa gari lake pia, ingawa hilo hakuna aliyelitaja.

Krenki ilipelekwa kwa mchongaji, mtaa wa tatu, ili ipunguzwe na kulainishwa. Siku ya kuichukua, Mkwe alikuwa chini ya lori, kwa hiyo mzee akaenda peke yake. Akarudi na krenki inang'aa kama kioo, pamoja na maboksi ya beringi mpya aliyopitia dukani kununua. Mkwe aliyaona maboksi yale. Yote yaliandikwa ishirini, kipimo cha krenki ilivyopunguzwa, ambacho beringi lazima zilingane nacho. Akayaona, akarudi chini ya lori.

Siku iliyofuata akatumwa nje ya mji kwenye gari lililokufa njiani. Alipofika gereji alasiri, sehemu ya chini ya injini ilikuwa imeshafungwa: krenki ndani, pistoni ndani, boliti zimekazwa. Mzee alikuwa ameketi kando, anafuta mikono, uso umemng'aa kwa furaha ambayo Mkwe hakuiona kwake siku nyingi.

"Njoo ufunge sampu," akasema.

Kazi iliyobaki ilikuwa kufunga lile beseni la oili chini, kazi ya dakika ishirini. Kila fundi anajua kwamba kabla ya kufunga sampu, unashika zile fito za chuma zinazozibeba pistoni, moja moja, unazitikisa kwa vidole uone kama kuna mchezo. Ni mazoea tu, kama kugusa mfuko kabla ya kutoka nyumbani. Mkwe akapeleka mkono.

"Unanikagua?" mzee akauliza.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza akitabasamu, lakini fundi wa rangi alikuwa amesimama pale, na fundi wa umeme, na mteja mmoja. Mkwe akaurudisha mkono. "Hapana, Baba," akasema, akafunga sampu.

Injini iliwashwa Jumamosi asubuhi. Uwanja ulijaa. Mama Pacha alifunga cherehani akaja na mapacha, wamevaa nguo za kutokea. Shangazi aliwaka kwa mara ya pili tu ya kupigwa, bila kikohozi, bila moshi. Mapacha wakapiga makofi. Mzee Sikio akaweka fimbo yake kwenye bloku, kifundo sikioni, akafumba macho. Watu wakanyamaza.

Mkwe alikuwa amesimama upande wa gurudumu la mbele. Akaisikia. Haikuwa ile tiki-tiki ya vali, ambayo huisha injini ikipata moto. Ilitoka chini, tumboni, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango wa nyumba ya jirani. Fundi wa umeme alipokanyaga mafuta kidogo, ikazama. Alipoachia, ikarudi. Mkwe akainua macho akakutana na macho ya fundi wa rangi. Fundi wa rangi akageuka, akaanza kutafuta kitambaa ambacho kilikuwa begani kwake.

Mzee akafumbua macho. "Kimya," akasema. "Kama maji mtungini."

Wakashangilia. Mama Pacha akamkumbatia baba yake, naye akampigapiga mgongoni, na Mkwe akasogea mpaka mbele yake, akafungua kinywa.

"Baba, naona kama chini kuna—"

"Eeh?"

Watu wote waligeuka. Mke wake naye aligeuka, uso umejaa kicheko bado.

"Nasema hongera, Baba," akasema Mkwe.

Jumapili hakulala mchana kama kawaida yake. Jumatatu alimwomba mke wake amwachie gari asubuhi nzima, eti akaze vitu vilivyolegea. Akalipeleka nyuma ya gereji, akamwaga oili kwenye beseni, akaichunguza juani. Oili ya siku mbili, na tayari ilikuwa na vumbi la chuma linalometameta kama poda ya bibi harusi. Akafunika beseni kwa gunia, akaenda kwa mguu hadi kwa mchongaji.

Mchongaji alikuwa amejifunga kitambaa mdomoni kwa ajili ya vumbi, na mashine zake tatu zinanguruma pamoja. Akazungumza akiwa nacho vilevile.

"Krenki ya mzee? Nakumbuka. Shingo za katikati nilichonga ishirini. Za pistoni zilikuwa mbaya zaidi, nikaenda mpaka thelathini. Nilimwambia mwenyewe. Nikamwambia tena akiwa pale mlangoni."

"Ulimwambia umejifunga hicho kitambaa?"

"Huwa sikivui nikiwa kazini. Kwani vipi?"

"Hakuna," Mkwe akasema.

Ishirini, thelathini. Kwa mtu anayepata mikia tu ya maneno, mdomo wa msemaji umefunikwa, hayo ni neno moja. Mzee alinunua ishirini kwa zote. Beringi za pistoni zilikuwa kubwa kuliko shingo za krenki zilizovikwa, na kila mzunguko chuma kilipiga chuma.

Njiani akirudi alipanga maneno yake. Akayapanga vizuri, kwa adabu, akaondoa kila neno lenye ncha. Alimkuta mzee ofisini peke yake, kompresa inalia nje ya dirisha. Akaingia, akasimama pale wakwe wanaposimama, hatua mbili kutoka mezani, akaangalia sakafu kama alivyofunzwa kuangalia anapozungumza na baba wa mke wake jambo zito. Akasema yote: thelathini na ishirini, vumbi la chuma, kwamba si kosa la mtu, kwamba mchongaji alikuwa amefunga mdomo, kwamba injini ifunguliwe upya kabla haijavunja kitu. Akaongezea kwamba angeweza kuifanya yeye mwenyewe, kimyakimya, na hakuna ambaye angejua.

Alipomaliza, akainua uso. Mzee alikuwa anamwangalia kwa upole.

"Sawa," akasema. "Sawa, mwanangu. Jumamosi."

Mkwe akatoka ofisini kama ametuliwa mzigo wa gunia zima. Jumamosi. Alijirudia neno hilo. Na mahali fulani chini ya furaha ile alijua vizuri kabisa, kama anavyojua namba za spana zake, kwamba mtu yule huwaangalia watu midomo, na kwamba yeye muda wote alikuwa ameongea na sakafu. Alijua kwamba "sawa, mwanangu" ndiyo jibu la mzee kwa kila asichokipata. Angeweza kurudi ndani. Ilikuwa hatua nne. Alisimama kidogo, kompresa ikazimika, ukimya ukawa mkubwa, na bado hakurudi.

Alichofanya ni kutia oili mpya, nzito, ile ya malori. Oili nzito hunyamazisha injini inayogonga. Wauza magari wasio waaminifu wanajua hilo, na Mkwe aliwahi kumfukuza gerejini dalali mmoja kwa kuomba afanyiwe hivyohivyo. Akawasha. Ko, ko ikawa mbali, imefunikwa blanketi. Ingeweza kuvumilia siku nne tano, akajiambia, kama haitakimbizwa.

Usiku wa siku hiyo alimwambia mke wake, "Juma hili Shangazi apumzike. Sijaridhika na breki."

"Breki zina nini?"

"Sijaridhika tu."

Mama Pacha alikuwa na sare za shule nzima za kushona, vitambaa vya kubeba, watoto wa kupeleka. Kesho yake alipita kwa baba yake, akasimama mbele yake kama kawaida yake, akauliza kuhusu breki. Akarudi nyumbani amenuna.

"Baba anasema breki amezikagua kwa mkono wake. Wewe una tatizo gani na hilo gari?"

"Sina tatizo."

"Unalo. Baba akiifunga, haifai. Angekuachia wewe uifunge, ingefaa. Watu wanacheka unavyomfuatafuata na kurudia maneno ya wateja kama kasuku, kumbe ni wivu."

Pale palikuwa na nafasi. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Baba yako hasikii, amefunga beringi zisizo zake, ukiendesha itapasuka. Lakini mzee alikuwa ni baba yake, na kuyatamka hayo kulikuwa ni kumshusha mzee kutoka pale juu alipokaa tangu binti anazaliwa. Zaidi ya hayo, amekwisha kusemwa kuwa na wivu, na chochote atakachosema sasa kitakuwa cha mwenye wivu. Akavuta shuka. "Basi nenda polepole," akasema.

"Kwani lini nimekimbiza?" akajibu mke wake, akampa mgongo.

Alhamisi asubuhi Mama Pacha aliwashusha mapacha shuleni. Kwa hilo Mkwe alimshukuru Mungu baadaye, na hakuwa na kitu kingine cha kushukuru. Kwenye mteremko wa darajani, gari likiwa kwenye gia ya tatu, na nyuma yake lori la mchanga, ufito mmoja wa pistoni ulikatika. Ukatoboa ubavu wa injini ukatokea nje. Injini ikajifunga, magurudumu ya mbele yakaganda, Shangazi akasimama kama aliyegonga ukuta. Dereva wa lori alikanyaga breki kwa miguu yote miwili, lakini mchanga ni mchanga, ukalisukuma lori likamgonga Shangazi kwa nyuma.

Mama Pacha hakufa. Kifua kiliumia kikapona. Mkono wa kulia, uliokuwa umeshika usukani, ulivunjika kiganjani mara tatu, na daktari alisema mifupa midogo ya pale ikishasagika haikai tena kama ilivyokuwa.

Mzee Sikio alikwenda kuliona gari kabla ya kwenda hospitali. Alilala chini palepale kando ya barabara na nguo zake safi, akatazama lile tundu kwenye bloku. Akafika wodini ana oili mabegani, akamshika binti yake mkono mzima, akalia. Kisha akatoka ukumbini, ambako mafundi watatu na majirani walikuwa wamekaa, na Mkwe amesimama ukutani.

"Boliti imejifungua," akasema mzee, kwa ile sauti kubwa ya watu wasiojisikia. "Beringi mpya, krenki imechongwa upya. Hakuna kingine. Boliti. Aliyeingia kule chini mwisho ni nani?"

Hakumwangalia mtu. Hakuwa na haja. Kila aliyekuwa pale alikumbuka nani alifunga sampu. Fundi wa rangi alifungua kinywa, akakifumba. Mkwe alihisi macho yote yakimgeukia taratibu.

Na hapo ndipo alipoona alivyonaswa. Kuitaja thelathini ilikuwa kuitaja Jumatatu. Kuitaja Jumatatu ilikuwa kukiri kwamba kwa siku tatu alijua, akatia oili ya malori, akamwambia mke wake aende polepole. Akanyamaza. Watu wakauona ukimya ule, wakasema ni wa mtu mwenye hatia, na hawakukosea sana.

Gerejini hakuna aliyemfukuza. Walimhurumia, jambo lililokuwa baya zaidi. Wateja walipomwona anakaribia boneti walisema kwa adabu, "Tungependa mzee mwenyewe." Mzee hakumlaumu tena kwa mdomo, ila kazi za chini ya injini akawa anampa fundi wa umeme.

Mama Pacha alikaa nyumbani na plasta wiki sita. Wiki ya tatu, mapacha wakiwa shule, alimwita mume wake jikoni.

"Nataka kuuliza kitu kimoja, na usinizungushe. Boliti ulikaza au hukukaza?"

"Sikugusa boliti. Baba alikaza zote."

"Kwa hiyo Baba ni mwongo."

"Si mwongo. Hasikii."

Akamweleza. Mara hii hakuangalia sakafu. Alimweleza kuanzia mwaka juzi, mafua na redio na spana zilizosahauliwa, mpaka mchongaji na kitambaa chake. Hakuiruka hata ile oili nzito. Mke wake alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akajifunga kanga kwa mkono mmoja, akakataa kusaidiwa, akatoka.

Alirudi baada ya saa mbili. Alikuwa amekwenda gerejini. Alimkuta baba yake ameinama kwenye injini ya mtu, akasimama nyuma yake, hatua moja tu, akamwita. Baba. Akaita tena, kwa nguvu. Mara ya tatu fundi wa rangi, upande wa pili wa uwanja, aligeuka. Baba yake hakugeuka. Alikuwa anafuta plagi, anaimbaimba, na wimbo wenyewe ulikuwa umepinda, hauna hata noti moja mahali pake.

"Ni kweli," akasema Mama Pacha. Alikaa kwenye kiti cha jikoni. "Hasikii kabisa. Mimi ni mtoto wake, sikujua."

"Ulikuwa unasimama mbele yake siku zote."

"Ndiyo." Akautazama mkono wake, vidole vilivyovimba vikichungulia kwenye plasta. Mume wake alisubiri. Kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, alitegemea kwamba sasa angemlilia baba yake, na yeye angembembeleza, na ingekuwa wawili wao upande mmoja.

"Baba hakusikia," akasema mke wake. "Wewe ulisikia."

"Mama Pacha—"

"Ulisikia Jumamosi ile nimesimama pale. Ukasema hongera."

Alinyanyuka akaenda kuchambua mchele kwa mkono wa kushoto. Hakupiga kelele siku ile wala siku nyingine. Mkwe angependa apige kelele.

Kwa baba yake hakusema neno. Mzee Sikio akaendelea kuweka fimbo yake kwenye injini za watu, ila sasa bila spana ya kumwongoza, akawa anakosea mara kwa mara. Mafundi walisema ni uchungu wa binti yake unamchanganya. Mkwe aliacha kazi mwezi uliofuata, akapata nafasi kwenye karakana ya pampu za maji, mahali ambapo hakuna aliyejua ameoa kwa nani. Waliendelea kuishi nyumba moja, yeye na mke wake. Mke alimwekea chakula, alimshukuru akiletewa dawa, alimwarifu habari za shule. Aliongea naye kama anavyoongea na mteja aliyeleta kitambaa chake mwenyewe: kwa adabu, kwa vipimo, bila neno la ziada. Plasta ilipotoka, kiganja hakikukunja. Alijaribu kushona pindo moja, mstari ukaenda kama njia ya mbuzi. Akaifunika cherehani kwa shuka.

Shangazi alikaa uani amepondeka mgongo mpaka mwenye vyuma chakavu alipokuja kumchukua. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Alizunguka gari, akainua boneti iliyojikunja, akapiga mluzi alipoona tundu.

"Duh! Injini ilifunguliwa juzijuzi hii. Gasketi mpya kabisa. Nani aliifunga hivi?"

Mama Pacha alikuwa mlangoni, ameegemea nguzo, mkono mbovu umelala juu ya ule mzima. Mkwe alikuwa anafungua betri. Hakuinua kichwa.

"Mimi," akasema.

"Pole sana, ndugu. Fundi huwezi kupatia siku zote."

Mke wake akajitoa kwenye nguzo. "Neno lako hukulitoa mbele ya watu siku lilipotakiwa," akasema, bila kupandisha sauti, na mwenye vyuma chakavu akajishughulisha ghafla na minyororo yake. "Sasa halinisaidii kitu."

Akaingia ndani. Gari likavutwa kwa minyororo hadi kwenye lori, magurudumu ya mbele yakiwa bado yameganda, yakachora mistari miwili ardhini mpaka getini. Mkwe akachukua jembe, akaanza kuisawazisha kabla mapacha hawajarudi kutoka shule.